Bendera Nyekundu Ilikuwa Inafunika Redio

Watu wa kanisani waliniambia ushuhuda huanza na shukrani. Yangu nitaitoa mwishoni, nikifika. Sasa hivi nimechoka, na nikianza na shukrani nitakuwa nadanganya.

Mimi naitwa Robi. Nilizaliwa upande wa Migori, kule karibu na mpaka wa Tanzania, kwetu Wakuria. Nikaolewa kisiwani Rusinga na Mjaluo, Owuor, fundi wa injini za boti. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo usitafute maneno makubwa hapa. Naandikia mama yeyote anayeanika omena kando ya ziwa hili. Naandikia pia mtu aliyepigwa na radi akapona, halafu akarudi nyumbani akaambiwa ni yeye aliyeileta. Huyo ndiye namtaka zaidi. Huyo aketi hapa karibu na mimi.

Kabla ya hiyo siku nilikuwa mwanamke wa nguvu. Sijisifu, maana sasa hivi hata kifuniko cha chupa kinanishinda. Lakini nilikuwa nainua gunia la omena peke yangu nalitupa juu ya pikapu, na vijana wa kupakia walikuwa wananiita Lori la Migori. Nilikuwa naamka, nasonga ugali wa watu wote nyumbani, nafua, nashuka ufuoni, napanda jioni, na bado nacheka. Kichwa hakikuwa kinaniuma. Nilikuwa nalala usingizi wa mtoto.

Ufuo wetu unaitwa Wath Ondiek. Boti zikirudi asubuhi tunanunua omena, tunaimwaga juu ya vichanja, jua linafanya kazi yake. Zamani tulikuwa tunaanika chini juu ya nyavu kuukuu. Kisha watu wa mradi wakaja wakatujengea vichanja vya waya wa kuku juu ya nguzo za chuma, virefu, kutoka majini mpaka karibu na ofisi ya ufuo, ili omena isishike mchanga. Tulishukuru. Hakuna mtu alituambia radi ikigusa huo waya upande mmoja, inafika upande wa pili.

Omena ni samaki mdogo kuliko kidole, na ina shida moja. Ikinyeshewa kabla haijakauka inaoza, unabaki na chakula cha kuku. Kwa hivyo watu wengine wakisikia ngurumo wanaingia ndani. Mama wa omena akisikia ngurumo anatoka nje, anakimbia. Ngurumo kwetu ni kengele ya kwenda kazini. Elewa hapo, utaelewa yote yaliyofuata.

Rafiki yangu alikuwa Auma. Kichanja chake na changu vilikuwa kimoja, yeye upande ule, mimi upande huu. Nilipoolewa pale na sijui Kijaluo, wanawake wengine walikuwa wananisema mbele yangu. Auma ndiye alinifundisha. Alianza na matusi, alisema ndiyo nitahitaji kwanza. Alikuwa ananiita nyar Kuria, yaani binti wa Kuria, lakini kinywani mwake halikuwa tusi.

Sasa nieleze habari ya bendera.

Kabla ya mvua kubwa kuanza, kijana mmoja wa mambo ya hali ya hewa alikuja na mlingoti na bendera tatu. Kijani, ziwa limetulia. Njano, chunga. Nyekundu, dhoruba inakuja, boti zisitoke na watu walio ufuoni waingie ndani ya nyumba. Akaandikisha simu ya mwenyekiti wa ufuo, Jaduong' Obuya, yaani Mzee Obuya, awe anapata onyo asubuhi na kupandisha bendera ya siku hiyo. Kijana akatupungia mkono akaenda zake.

Bendera nyekundu haikupanda hata mara moja. Hapa kwetu kila mtu anasema radi inapenda nyekundu. Mvua ikinguruma watoto wanavuliwa sweta nyekundu, beseni jekundu linafunikwa na gunia. Wanasema radi ni jogoo, anashuka kutafuta mwenzake. Hata kwetu Kuria nilikua nikisikia maneno kama hayo. Sasa utapandishaje kitambaa chekundu juu ya mlingoti wakati dhoruba inakuja? Watu walipiga kelele. Aliyepiga zaidi ni Nabii Josia, mwenye kanisa la mabati pale juu ya ufuo.

"Mnamwita polo!" alisema. Polo ndiyo radi. "Mnampungia mkono! Mnamwambia karibu, chai iko tayari!"

Watu wakacheka, lakini wakakubali. Obuya naye hakubisha. Bendera nyekundu ikipanda boti zinakaa, na boti zikikaa yeye hana wa kumtoza ushuru. Akaikunja akaingia nayo ofisini. Zikabaki kijani na njano. Yaani ufuo wetu ulikuwa na bendera ya kusema mambo ni mazuri, na bendera ya kusema mambo si mabaya sana.

Siku yenyewe kulikucha vizuri. Jua kali, ziwa kama sahani. Bendera ya kijani ilikuwa inapepea. Mimi nilikuwa nimejifunga leso yangu nyekundu, ile Owuor aliniletea kutoka Homa Bay. Auma aliniona akaanza.

"Nyar Kuria, hiyo leso yako, mvua ikija usikae karibu na mimi. Polo akija kuposa, mimi sitaki kuwa shahidi."

"Polo atanitakia nini na uzee huu?"

"Huyo hachagui, yawa. Hata mti wa Obuya alishauchukua."

Tulikuwa hapo tunacheka tukamwona Consolata, mke wa Obuya mwenyewe, anakusanya omena yake. Jua liko juu, omena haijakauka hata nusu, na yeye anajaza gunia haraka haraka.

"Consolata," Auma akamwita, "leo jua limekukosea nini?"

"Nina msiba wa kwenda," akajibu bila kutuangalia.

"Msiba wa nani?"

"Wa mtu."

"Bora si wa samaki!"

Wanawake wote kwenye vichanja walicheka. Mimi pia nilicheka. Consolata akabeba gunia lake akapanda kwake, na kichanja chake kikabaki kitupu juani. Tuliendelea kukitazama na kutaniana juu yake mpaka tukapanda nyumbani kupika.

Wingu lilitoka upande wa milima ya Gwassi, jeusi chini, na juu limeumuka kama ugali unaofurika sufuriani. Nilikuwa nimepanda nyumbani kuangalia maharagwe. Nikasikia ngurumo ya mbali. Basi, nikafanya kama ninavyofanya siku zote, nikateremka mbio. Wote tuliteremka mbio. Ungetuona ungedhani kuna mtu anagawa kitu.

Mvua ilikuwa bado. Upepo tu, wa baridi. Mimi na Auma tukaanza kukokota omena kwa mikono juu ya waya, kila mtu kwa upande wake, tukiisukuma kwenye gunia. Ngurumo ya pili ilikuwa karibu zaidi. Auma akasema, "Haraka, haraka, huyu hana mchezo leo." Nikaona nywele za mikono yangu zimesimama zote. Mdomoni nikasikia ladha ya chuma, kama umelamba betri. Auma akainua uso.

"Robi," akasema, "mbona vidole vyangu vinawasha?"

Hilo ndilo neno lake la mwisho. Sikusikia mlio wowote. Niliona weupe tu, weupe ulioingia mpaka nyuma ya macho.

Nilipojijua nilikuwa chali, mvua inaniingia mdomoni. Kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua na samaki aliyeungua. Miguu sikuwa nayo. Naiona iko pale, ya rangi ya wino, lakini si yangu, kama miguu ya mtu mwingine imewekwa chini yangu. Mikono haikunyanyuka. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa na linatoka damu, la kulia lilisikia kama niko ndani ya pipa. Kifuani palikuwa moto, pale mkufu wangu ulikuwa umekaa.

Chini ya kichanja nilimwona Auma. Ameanguka upande wake, uso kwangu. Macho yamefunguka. Midomo inageuka rangi. Mkono wake ulikuwa karibu, kama mtu ananipitishia chumvi mezani. Nikajaribu kuufikia. Hata kidole kimoja hakikusogea. Nikajaribu kusema jina lake, ulimi ukawa mzito kama mgomba.

Watu walikuwa wamekuja. Niliona miguu yao, wamesimama wakatuzunguka kama watu wanaotazama mchezo. Hakuna hata mmoja alikaribia. Na nikasikia sauti ya Nabii Josia.

"Asiguswe mtu! Stima ya radi bado iko ndani yao! Ukimshika unaenda naye!"

"Sasa tufanye nini, Nabii?"

"Mchanga. Wafunikeni mchanga, ardhi iivute hiyo stima."

Wakaleta koleo za vijana wanaochota mchanga wa kuuza. Wakasimama mbali, wakaanza kunirushia. Mchanga wa ufuo, wenye magamba ya samaki na kinyesi cha bata. Ukaniingia kwenye kifua kilichoungua, kwenye viganja vilivyopasuka. Kila koleo likija naliona linakuja. Mwanamke mmoja akasema, "Huyu anapepesa macho." Nabii akamjibu, "Ni stima hiyo inatoka."

Obuya alikuwa amesimama kwenye baraza ya ofisi yake, mikono nyuma, kama mtu anangoja mvua ipungue aende zake. Nilimwona. Namtaja kwa jina kwa sababu nilimwona.

Aliyeniokoa ni Owuor. Alikuwa anafungua injini ufuo wa jirani, mtu akamkimbilia. Alikuja na mikono imejaa oili.

"Tokeni!"

"Owuor, utakufa!"

"Basi nitakufa. Toka mbele yangu."

Akapiga magoti, akanitoa mchanga mdomoni kwa kidole, akanishika mabega yote mawili. Watu wakapiga yowe. Halafu wakanyamaza, kwa maana hakuna kitu kilimpata. Alinishika, akanibeba, na hakuna kitu kilimpata. Wote waliona kwa macho yao. Na hata baada ya kuona, hakuna mtu aliyeinama kwa Auma.

"Na huyu?" Owuor akauliza.

"Huyo ameshaenda," Nabii akasema.

Owuor aliniambia baadaye kwamba alimgusa shingo na bado ilikuwa na joto. Lakini hakujua la kufanya. Alikuwa na mikono miwili na mke mmoja. Hilo limemkalia mpaka leo, na mimi nikimwona anatazama viganja vyake wakati wa kula najua anafikiria nini.

Pikapu ya samaki ilinipeleka. Tulivuka daraja la Mbita, na barabara ya kwenda Homa Bay siikumbuki, ila barafu ya samaki chini ya mgongo wangu na Owuor akiniita jina langu la utoto, lile ambalo mama yangu tu ndiye alilitumia.

Hospitalini Homa Bay nilikuta watu wa kweli. Daktari alikuwa mwanamke mdogo, mpole, anazungumza polepole upande wa sikio langu zima. Mgongoni nilikuwa na alama nyekundu kama matawi ya mti usio na majani. Alimwita mwenzake aje aone, kisha akaniomba msamaha kwa kuniita mwenzake. Zile alama zilipotea zenyewe. Ngoma ya sikio ilikuwa imepasuka. Kifuani mkufu ulikuwa umeacha mstari wa moto, na viganja vimekatwa na waya.

"Miguu yangu imekufa?" nilimwuliza.

"Haijakufa, mama. Radi inafunga mishipa kwa muda. Itarudi."

Ilirudi. Ilirudi na maumivu kama umesimama kwenye siafu, nikalia mpaka mama wa kitanda cha pili akalia na mimi. Kukojoa nilikuwa nakojoa kwenye mpira. Kugeuka nageuzwa. Na nilipodhani mabaya yameisha, vidonda vikaoza. Kifua kilitoa usaha wa kijani, harufu yake mimi mwenyewe nilitaka kuikimbia. Homa ikapanda, nikawa naongea na Auma. Sista mmoja, Mkisii mnene mwenye mkono mwepesi, ndiye alikuwa ananisafisha. Kila asubuhi anatoa mchanga. Unadhani umeisha, kesho yake upo.

"Mama Robi, ulianguka kifudifudi?"

"Hapana, Sista. Walinifunika."

"Nani?"

"Watu wetu."

Akaweka pamba chini. Akaokota pamba nyingine, akaendelea. Siku hiyo aliniosha na miguu, ambayo haikuwa kazi yake.

Homa iliposhuka nikamwuliza daktari habari ya Auma. Nilimwambia yote, midomo, macho, watu kusimama. Hakutaka kujibu. Nikamwambia, mimi nilikuwa hapo, wewe niambie tu.

"Radi husimamisha moyo," alisema. "Wakati mwingine moyo kama huo unaweza kuanza tena, mtu akikandwa kifua hapo hapo na kupuliziwa pumzi. Siwezi kukwambia angepona. Sikuwepo."

"Na ile stima ndani ya mwili?"

"Hakuna, mama. Hakuna inayobaki. Hata kidogo."

"Kwa hivyo angeguswa."

"Angeguswa," akasema.

Nililala na hilo neno. Naamka nalo mpaka leo.

Kabla sijatoka wodini Nabii Josia alikuja kuniona. Alileta maziwa na Biblia, na hakukaa.

"Tumekuombea sana," alisema. "Sasa kuna ile leso. Nimekuja kuichukua tuichome. Ndiyo iliyomwita."

Nguo zangu zilikatwa nilipofika, zikawekwa kwenye mfuko chini ya kitanda. Leso ilikuwa nzima, ila imetobolewa na moto shimo la kutosha ngumi. Owuor aliusogeza ule mfuko nyuma kwa mguu.

"Nabii," akasema, "hii ni leso. Niliinunua mimi, kwa mama wa nguo, hapo sokoni Homa Bay. Ilikuwa inaning'inia na zingine, na soko halijaungua."

Nabii akaacha maziwa akaenda. Owuor aliyanywa. Alisema hayana kosa.

Nikarudi nyumbani na mwili ambao sikuujua. Mkono wa kulia haukunji vidole mpaka mwisho. Kichwa kinaniuma kila jioni. Natia chumvi mboga mara mbili au naisahau kabisa. Mlango ukigonga kwa upepo najikuta chini ya meza, mama mzima. Usingizi ulinikataa. Daktari alinionya kwamba itakuwa hivyo na itachukua muda, na kama asingenionya ningesema nimerogwa, kama walivyokuwa wanasema wengine. Nasema hivyo kwa mtu aliyepona na anajiona wazimu. Wewe si wazimu. Ulipigwa.

Lakini ugonjwa ulikuwa nusu. Nusu nyingine ilinikuta njiani kwenda kuteka maji. Auma alikuwa ameshazikwa. Wanawake wakiniona wanahama upande wa pili wa barabara. Nikasikia maneno yanayotembea: nyar Kuria aliileta radi kutoka kwao. Amevaa nyekundu makusudi. Mbona yeye hakufa? Nikishuka kwenye vichanja wanatoa omena yao karibu na yangu. Kisha nikaitwa ofisini kwa Obuya, mbele ya watu, nijibu. Nilijua ninachoweza kupoteza. Bila kichanja, mwanamke wa Wath Ondiek ni mtu wa kuombaomba.

Nilikwenda na Owuor. Ofisi ilijaa mpaka dirishani. Nabii alikuwepo, Consolata alikuwepo nyuma. Obuya alizungumza kwa upole, ule upole wa mtu ambaye ameshaamua.

"Mama, hakuna mtu anakufukuza. Tunasema tu Nabii aombee vichanja, na hiyo leso ichomwe hadharani, na wewe useme mbele ya watu kwamba ndiyo iliyoleta mambo. Yaishe."

"Na nikikataa, Jaduong'?"

"Basi omena utaanika kwenu."

"Kwetu ni mahindi na ng'ombe. Nianike nini, mikia?"

Watu wakacheka kidogo. Nilikuwa nimechoka, nataka kukaa. Nikatazama mezani kwake, nikaona redio, na juu ya redio kitambaa chekundu kimekunjwa vizuri, pembe zake zimening'inia kama kitambaa cha meza ya harusi. Hapo ndipo nikamkumbuka Consolata na gunia lake juani.

Nikamgeukia. "Consolata, ule msiba ulikuwa wa nani?"

"Msiba gani?"

"Siku ile. Ulikusanya omena mbichi, ukasema una msiba. Auma alikuuliza wa nani, ukasema wa mtu."

Wanawake wakaanza kutazamana, maana wote walikuwa wamecheka siku hiyo, wote walikumbuka.

"Mimi si polisi," nikasema. "Niambie tu huyo mtu alizikwa boma gani, nikatoe pole."

Consolata alimtazama mumewe. Halafu akajifunika uso na leso yake.

"Aliniambia nitoe omena," akasema. "Alisema simu imesema mvua kubwa na radi mchana."

Obuya akasimama. "Ile meseji ilikuwa ya wavuvi! Ilisema boti! Ilikuwa inahusu boti!"

"Na mke wako ni boti?" Owuor akamwuliza.

Hakuna mtu alicheka. Mimi nilitembea mpaka mezani, nikavuta kile kitambaa, nikakikunjua watu wakione. Redio ikabaki uchi. Ilikuwa bendera mpya kabisa, haijawahi kuona jua.

"Na hii ilikuwa inahusu nini?" nikauliza.

Obuya akaninyang'anya mkononi. Akasema ni mali ya serikali. Akaifungia kwenye kabati, na ufunguo akautia mfukoni, na mkutano ukaishia hapo.

Najua unangoja nikwambie alifungwa au alitolewa kwenye kiti. Hapana. Obuya bado ni mwenyekiti, na watu bado wanamwita Jaduong'. Nabii Josia bado anahubiri, na siku hizi anasema nilipona kwa sababu ya mchanga. Watu wanasema amina. Kichanja changu nilibaki nacho, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uso wa kuninyima tena. Hicho tu ndicho nilichopata.

Nikaandikisha simu yangu mwenyewe ipate yale maonyo. Nayasoma polepole, neno kwa neno, na jioni nasikiliza habari ya mvua kwenye redio ya Kijaluo. Ile leso niliifua, nikaiacha na tundu lake. Siku ya kwanza simu iliposema radi, niliitundika asubuhi na mapema kwenye mti mrefu wa kusukumia boti, niliousimamisha mwisho wa vichanja. Nikakusanya omena yangu jua likiwaka, nikapanda nyumbani. Walinitukana. Matusi yale yale Auma alinifundisha, kwa hivyo niliyaelewa yote. Mchana dhoruba ikaja, wakateremka mbio kama kawaida, na Mungu aliwahurumia, hakuna aliyepigwa. Lakini omena yao ilioza. Yangu ilikuwa ndani.

Mara ya pili nilipoitundika, Consolata ndiye alianza kukusanya. Kichwa chini, bila kusema ana msiba. Kisha wa karibu naye. Kisha wote.

Hawanisalimii sana. Lakini wanakusanya.

Sasa shukrani, nilisema nitafika. Namshukuru Mungu kwa pumzi. Namshukuru Owuor, aliyeweka mikono yake pale wengine walipoweka koleo. Daktari na Sista wa Homa Bay, Mungu awape watoto wenye afya. Na nakuomba wewe unayesoma: ukisikia ngurumo, iache omena. Hata kama radi unaiona mbali, iache. Ingia nyumba ya kweli au ndani ya gari, funga. Usisimame chini ya mti, usishike waya wala nguzo, usibaki kwenye boti ukiweza kufika ufuoni. Ngoja mpaka ngurumo ikome, kisha ngoja tena nusu saa. Nyekundu haiiti radi. Kirefu kinaiita, na mtu aliyesimama peupe. Simu ya onyo usimwachie mwenyekiti peke yake. Na mtu akipigwa, mshike. Kama hapumui, mkande kifua kwa nguvu, usiache, mwingine atafute gari. Hana stima. Ni mtu tu, na pengine anakuona.

Leo asubuhi nimeitundika tena. Jua ni kali, ziwa kama sahani, na wanawake wanajaza magunia huku wakinung'unika. Upande wa pili wa kichanja changu bado hakuna mtu. Auma angekuwepo angesema, nyar Kuria, na hiyo leso yako usikae karibu na mimi. Ningemshika mkono nipande naye nyumbani, aendelee kunitania ndani.